Mzima kwa Ushahidi wa Koti

Jambo lote lilikula mbuzi dume mmoja, fromaji nne za mviringo, yaani jibini zetu za Masisi, sindano moja ya maumivu na koti langu la kijivu. Nimehesabu mara mbili, kama ilivyo desturi yangu, na mara zote mbili jumla imekataa kushuka. Kilichopatikana kwa gharama hiyo ni neno moja la Kifaransa kwenye karatasi yenye muhuri, nalo halikuwa neno tulilokwenda kulinunua. Mwenye neno hilo tumemzika Jumamosi huko kwao, juu ya milima ya Rubaya, kwenye mvua ile isiyoulizwa ruhusa. Wasomaji wangu wa Masisi wameshasikia kwamba Veterineri ametutoka. Wale wa upande wa Walikale watamkumbuka zaidi kwa tumbo lake kuliko kwa cheo chake, na nitaeleza kwa nini. Jina lake silitaji. Mwenyewe alipenda aitwe kwa kazi yake, na kazi hiyo ndiyo iliyommaliza.

Alikuwa ajenti wa serikali wa mifugo. Nilifahamiana naye Mubi, kule Walikale, enzi nilipokuwa nikipanda lori na fromaji za Masisi kwenda kuwauzia watu waliotoka kuchimba dhahabu Omate wakiwa na pesa mfukoni na hamu ya kula kitu kisicho muhogo. Serikali, kwa hekima yake, ilikuwa imemchukua mtu aliyesomea ng'ombe ikampeleka msituni, mahali ambapo ng'ombe hufika akiwa ameshakuwa nyama, na nyama nyingi haijawahi kuwa ng'ombe. Wawindaji walimletea mizoga iliyokaushwa kwa moshi na kumwuliza kwa heshima kubwa sheria yake inasema nini juu ya nungu. Akafungua kitabu chake, akatafuta nungu, akakosa, akakifunga. "Huyu serikali haimujue," akasema. "Kuleni." Tangu siku hiyo soko zima likampenda.

Mimi sikumpenda upesi hivyo, kwa sababu mimi nilikuwa na fromaji na fromaji aliijua. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya lori. "Papa, unapima nini?" nikamwambia. "Hii si ng'ombe." Akajibu bila kutabasamu: "Mama yake njo ng'ombe. Mutoto wa ng'ombe iko yangu pia." Akakata kipande kikubwa, akakila palepale amesimama, macho amefumba kama jaji anayesikiliza shahidi. Kesho yake nilimpa fromaji nzima apeleke nyumbani, nikidhani nimepata bei nafuu kuliko kukatiwa mzigo kila safari. Alinirudishia. "Nikiibeba, inaitwa rushwa. Nikiikulia hapa mbele ya batu, inaitwa kontrole." Nikajaribu kushusha huo ukaguzi wake: basi kata kidogo. "Kontrole haiko na nusu, Papa." Nimebishana bei na wauza madini, na madereva, na mapadri, na sijawahi kushindwa kwa namna ya kunifurahisha kama ile. Alikuwa mtu wa majivuno, nisimpambe. Alipenda kuitwa bosi na alikuwa na kofia aliyoivaa hata kanisani mpaka mlangoni. Lakini ulijua umesimama wapi naye, na hiyo barabarani kwetu ni bidhaa adimu.

Baadaye alirudishwa kwao Masisi, penye ng'ombe wa kweli, na ndipo shida ilipoanzia. Huku kwetu ng'ombe akishindwa kuzaa, mtu haitwi kwa simu; mtoto anatumwa kukimbia mlima mpaka kwa Veterineri, naye anavua shati, anaingiza mkono mpaka begani. Glavu alikuwa akiziandikia barua kila mwaka, na kila mwaka zilikuwa njiani. Homa ikaanza. Ilikuwa homa yenye adabu, inayokuja jioni na kuondoka asubuhi, inapotea kabisa hata akasahau, kisha inarudi na kukaa kwenye viungo. Mwishowe ikapanda mgongoni na haikushuka tena. Muuguzi wa zahanati yetu alimweleza kwamba ni ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe, unaingia kwa maziwa mabichi na kwa mikono isiyofunikwa, na kwamba tiba imeshachelewa, uti wa mgongo umeliwa. Veterineri alicheka mpaka akashika ukuta. "Miaka yote natumikia ng'ombe, leo njo zimenilipa," akaniambia. "Serikali ingali nyuma."

Sasa sikilizeni mtego wenyewe, maana wengi hapa ni wafanyakazi wa serikali ao mmeolewa nao. Sheria inasema mtumishi ambaye ugonjwa umemwondolea uwezo wa kazi anaweza kupewa retrete, yaani kustaafu na pensheni, kabla ya umri wake, na haki zake zote, na akifa mjane wake asitupwe. Lakini ni lazima tume ya madaktari imwone kwa macho na kuandika kwamba hafai tena. Kabla ya hapo, akibaki nyumbani kwa ugonjwa, anahesabiwa kuwa ametoroka kazi, na mtoro hufutwa bila kitu. Akijikokota kufika ofisini ili asifutwe, basi anayefika ofisini si mgonjwa. Nimezunguka hesabu hii mbele na nyuma, kama mtu anayekagua meno ya mbuzi, na sijaona mahali pa kuingilia. Veterineri aliiona vizuri kuliko mimi. Wenzake walimwekea kiti cha kamba kwenye baraza ya ofisi, na kila siku ya kazi alipakiwa kwenye pikipiki katikati ya vijana wawili, akakalishwa pale na kofia yake ili mkubwa akipita amwone. Akiwa kwenye kiti kile hakumzalisha ng'ombe hata mmoja. "Sitaki mengi," alikuwa akisema. "Nataka kukaa chini bila kuitwa mutoro. Na huyu mama asikuje kufukuzwa ku mulango wa ofisi kwa sababu yangu." Mama huyo ni mke wake, ambaye maharagwe yake yanalimwa kwenye mteremko mkali mpaka mtu asiyezoea anapalilia amejishika.

Kwa muda mrefu tume haikufika. Miaka hii mtu haulizi tena barabara imefungwa na nani. Anauliza tu kama imefunguka. Ikafunguka, na habari ikapanda mlimani kwamba madaktari wamefika mjini, watakaa siku chache, kila mgonjwa mwenye nambari ya serikali ajilete. Mlima wote ukasimama. Nataka mwelewe kwamba kila mtu alifanya sehemu yake na aliifanya vizuri, kwa sababu hapo ndipo kidonda kilipo. Akina mama wa kanisa walifika kwa mashauri. "Atasimama mbele ya badokta na ile shati ya mazizi?" akauliza mmoja. "Batasema hatuko na kwetu?" Wakamnyoa, wakampaka mafuta mpaka akang'aa, wakamchemshia mchuzi wa kuku kwa siku kadhaa ili apate rangi. Muuguzi alimchoma sindano ya maumivu alfajiri ya safari, kwa huruma tu, asije akazimia njiani. Mbuzi alichinjwa kwa ajili ya wabebaji. Fromaji zilikuwa zangu, za kufungulia mazungumzo huko mjini. Sijawahi kufika ofisini mikono mitupu na sikuona sababu ya kuanza uzeeni.

Koti alikuja kuliomba mke wake mwenyewe. Lilikuwa la kijivu, lenye bitana, nililolipata Goma baada ya kuondoka dukani mara mbili na kuitwa mara mbili. "Kaka, ni ya siku moja," akasema. Nikamwuliza, kwa mazoea tu ya mdomo, litarudi lini. "Akisha pata retrete yake, litarudi limefuliwa." Nikamwambia mabega ya mume wake yamenyauka, litamning'inia. "Nitashona ndani, haitaonekana." Na kweli alishona. Mtu aliyekuwa amepungua nusu akatoka nyumbani amejaa, amenyooka, kola imesimama. Nilimtazama nikafikiri: huyu ningemnunua.

Tukashuka. Huku pikipiki haipiti kila mahali, na mgongo ule haukuweza tena pikipiki hata panapopitika, kwa hiyo alibebwa kwenye kipoyi, kile kitanda cha mianzi cha kubebea wagonjwa, vijana wanne chini yake na wanne wa kupokezana. Karibu na Rubaya tukakutana na wabebaji wa madini wanapanda na magunia madogo mazito, shingo zimevimba. Mmoja alisimama kupumua, akaangalia kipoyi na kola iliyochomoza. "Hiyo iko kilo ngapi, baba?" Kijana wetu wa mbele akajibu: "Haipimwe. Hii ni ya serikali." "Ya serikali?" yule akacheka. "Basi poleni, haina mulipaji." Ndani ya kipoyi sauti ikatoka, bado ni ile ya kontrole: "Mulipaji iko njiani, anakuja na miguu." Wakacheka pande zote mbili, mizigo ikabadilishwa mabega, kila mtu akaendelea na uzito wake.

Tume ilikaa kwenye jengo refu lenye baraza, na watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Nilikagua foleni, kama ninavyokagua soko lolote kabla ya kutaja bei. Kulikuwa na wagonjwa wa kuogopesha na kulikuwa na wengine. Bwana mmoja mbele yetu, mnene, wa ofisi ya kodi, alichechemea mguu wa kushoto akisubiri na wa kulia alipoitwa. Ilipofika zamu yetu vijana wakainua kipoyi, wakafika ngazini, wakasimama. Mkubwa wao, fundi seremala ambaye ndiye hutengeneza vipoyi vya mlima mzima, aliweka mkono juu ya mwanzi. "Hapa njo mwisho," akasema. Mke wa Veterineri akamwambia mgonjwa hawezi kutembea. "Mama, kipoyi haipite ku mulango na muntu anapumua. Yenye inapita, njo ya maiti. Mulango, muntu muzima anaingia na miguu yake." "Lakini ni kwa dokta!" "Mulango ni mulango. Ukisema tumubebe kama maiti, sema, tutabeba. Lakini sema weye, tusikie."

Watu wa mjini mnaweza kucheka. Mimi nimekulia palepale na sikucheka. Mama yule hakuweza kulisema neno lile juu ya mume wake akiwa hai. Veterineri ndiye aliyetumaliza. "Nishusheni," akasema, akavaa kofia, akavuta koti, na ile sindano, ambayo ilikuwa imelala safari nzima, ikaamka ikafanya kazi yake. Alipanda ngazi. Alitembea baraza yote amenyooka, maana mgongo ule haukuweza kupinda, na aliyekuwa hajui angesema ni mwendo wa kamanda. Dirisha la madaktari linatazama baraza. Waliona kila hatua.

Ndani niliruhusiwa mimi peke yangu, kwa heshima ya fromaji. Veterineri alivua kofia, akazunguka meza nzima akiwapa mkono madaktari mmoja mmoja, kwa Kifaransa chake cha shule ya misheni. Aliyeshika kalamu alikuwa daktari wa kike, kijana, umri wa binti yake wa tatu. Alikuwa amechoka, na alikuwa na adabu. Sina neno baya juu yake. "Papa, afya iko je?" akamwuliza. Na Veterineri, aliyebebwa mlima mzima ili ajibu swali hilo moja, alijibu kama anavyojibu kila mtu aliyelelewa: "Nzuri, dokta. Tunashukuru Mungu." Nikakohoa. Nilikohoa kama mtu aliyemeza kofia. "Na hapa barua inasema mgongo?" "Eh, mugongo kidogo. Ni ya uzee tu." Nikasema dokta, samahani, huyu mtu halali usiku. Veterineri akanigeukia kwa ukali mbele yao: "Papa, mambo ya kitandani kwangu inakuhusu?" Wakacheka wote, hata yeye. Alifurahi, nadhani, kuchekesha watu wakubwa. Daktari alimgusa mgongo juu ya koti, akamwambia inama. Veterineri akasema hataki kuinama mbele ya mtoto, tena kwa Kifaransa kizuri sana, na kalamu ikaandika neno lenyewe: *apte*. Anafaa kazi. Yule wa kodi alitoka na karatasi ya kutofaa, akasahau fimbo yake ya kuchechemea ukutani.

Nje vijana walisimama. Hawajui Kifaransa, walisoma uso tu, na uso wake haukuwahi kusomeka. "Badokta banasema je?" akauliza fundi seremala. Veterineri akakunja karatasi, akaitia mfuko wa ndani wa koti langu. "Banasema niko muzima," akajibu. Wakapiga makofi. Wakaimba wimbo wa shukrani wa kanisani, wakamkumbatia, mmoja akalia. Mke wake hakuimba. Yeye alikuwa ameuliza macho yangu na kujibiwa. Kisha wakamlaza mtu mzima kwenye kipoyi, kwa furaha kuu, wakampandisha mlima.

Alirudi kwenye kiti chake cha kamba. Tulipanga kumrudisha kwenye tume ijayo akiwa na shati la mazizi na bila sindano, hata kumfundisha kulalamika nilimfundisha, jioni, kwenye baraza yake. Nilimwuliza: Papa, afya? Akajibu nzuri. Tukaanza upya. Akasema: "Mbaya, lakini tunashukuru." Nikasema ondoa shukrani. "Nitamwondoaje Mungu?" Tume ijayo haikufika, barabara ilikuwa imefungwa tena. Amekufa ajenti kamili, mwenye afya, aliye kazini. Wakamvika koti la kijivu kwa sababu hakuwa na jingine, na karatasi, kwa ninavyojua, ingali kwenye mfuko wa ndani. Aliko atapokelewa kama mfanyakazi.

Nimekuwa nikilitafakari jambo hili tangu mazishini, kwa uchovu zaidi kuliko kwa hasira, kwani hasira inataka mtu wa kumwelekea na mimi kila nikimtafuta napata jirani. Maisha yangu yote nimeuza kwa kusifu. Fromaji ina tundu, unasema ndipo utamu unapopumulia. Mbuzi ni mwembamba, unasema ana mbio. Na ghafla serikali inamtaka mtu wa kwetu asimame mbele ya wageni aponde bidhaa yake mwenyewe, na bidhaa ni mwili wake, na mke wake yuko mlangoni, na aliyeshika kalamu ni mtoto. Hatukufundishwa biashara hiyo. Sisi tukiwa na njaa tunapangusa midomo kabla ya kutoka nje. Mgonjwa akitembelewa, yeye ndiye anayewauliza wageni kama wamechoka. Kuna wanaoijua biashara ya kujiponda, tena vizuri, na hao ndio wanaopata retrete, ndiyo maana maofisi yetu yanabaki na wagonjwa kwenye viti na wazima wako nyumbani wanalipwa kwa ugonjwa. Ningependa sheria imtume mtu mlimani, akae siku mbili, amwone mgonjwa anavyoamka. Hilo halitafanyika kesho. Kwa hiyo funzo ninalobaki nalo ni dogo, linatosha mfuko mmoja: serikali ikikuuliza hali, haikusalimii. Inakuuliza.

Na sasa naomba msaada wenu. Juzi mke wake amekuja kwangu na jogoo, eti ni mwanzo wa kulipa koti. Nilimrudishia jogoo, mara hii sikubishana. Lakini hakuja kwa koti peke yake. Anatakiwa kwenda ofisini mjini kufuatilia haki za mjane, na anataka kujua avae nini. Ana kitenge kizuri kimoja, na ana nguo ya shambani. Mjane mmoja wa hapa jirani alikwenda na ya shambani, mlinzi hakumruhusu hata kukanyaga ngazi. Mwingine alikwenda amejipamba, karani akamwangalia akamwambia, "Mama, weye uko sawa, acha benye shida bapite." Nimeipima hii kila upande na nakiri sina bei. Anaondoka Jumatatu, barabara ikiruhusu. Mwenye kujua aniambie kabla ya hapo: aende na nguo gani? Na huyo karani akimwuliza habari ya nyumbani, ajibu nini?